Nafundisha watoto kusoma lakini mwenyewe kusoma kunanitesa, niombe kubadilishiwa somo?

Shikamoo Anti,

Naomba usiweke jina langu. Mi ni mwalimu, nafundisha kusoma na kuandika darasa la tatu, na kuna kitu kinanisumbua muda mrefu ambacho sijamwambia mtu yeyote, shuleni wala nyumbani. Kusoma kunanitesa. Si kwamba sijui, najua, vyeti ninavyo na mitihani nilifaulu, ila nasoma polepole sana, mstari unaweza kunipotea nikajikuta narudia uleule, na nikitakiwa kusoma kwa sauti mbele ya watu wazima moyo unaenda mbio mpaka maneno niliyoyazoea nayaona mageni.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo haikuwa na kitabu hata kimoja. Mama hakujua kusoma ila kwa kusimulia hamna aliyemfikia, alikuwa anatushika muda mrefu na stori moja tu, anageuza sauti, anatuuliza tunadhani nini kitafuata, na akiirudia siku nyingine lazima aibadilishe mahali ili tumsahihishe. Lugha tuliyoongea nyumbani haikuwa ya shule, kusoma nikaja kukuelewa nimeshachelewa wenzangu wako mbele, na mpaka leo nikifungua mdomo tu mtu anajua nimetokea upande gani. Kuna mzazi alishalalamika kwamba mtoto wake ameanza kutamka kama mimi. Hiyo kauli haijawahi kunitoka.

Sasa darasani ninachofanya ni hivi, kipindi cha kusoma kwa sauti kitabu nampa yule binti anayesoma vizuri kuliko wote, anasoma, wenzake wanafuatilia kwa kidole, mi nakuwa mezani nasahihisha madaftari. Imeenda hivyo mpaka juzijuzi mtoto mmoja akaniuliza mbele ya darasa zima, bila ubaya kabisa, "Mwalimu, na wewe huwa unasomaga kitabu gani?" Nikakosa jibu. Nikamwambia akae.

Halafu ofisini tulikuwa tunajadili matokeo, mwenzangu mmoja akasema huwezi kumpa mtoto kitu ambacho wewe mwenyewe huna, mwalimu asiyesoma hawezi kutoa wasomaji. Hakuwa ananilenga mimi, hajui chochote, ila nilijiona kama nimevuliwa nguo.

Kitu kingine. Nina mvulana mmoja anakaa nyuma. Wakati wa kusoma pamoja anachezesha midomo lakini hatoi sauti, anachelewa nusu silabi nyuma ya wenzake, na zamu yake ikikaribia anaomba kwenda nje. Walimu wengine wanasema ni mtundu. Mi najua anachofanya kwa sababu ndicho nilichokuwa nafanya mimi, na nikimwangalia nashindwa hata kumsogelea.

Nimeandika barua ya kuomba nibadilishiwe somo, ipo kwenye begi. Niipeleke? Na je, watoto wanatakiwa kujua habari hizi za mwalimu wao au nitajishushia heshima?

Mwalimu, darasa la tatu

---

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwanza kwa sababu imeandikwa vizuri mno, mtu anayejiona hana alichonacho kwenye mambo ya kusoma na kuandika hawezi kumchora yule mtoto wa nyuma kwa mistari mitatu nikamuona kama yuko mbele yangu. Kaa na hilo kwanza kabla hatujaendelea.

Tuanze na maneno ya mwenzako maana naona ndiyo yaliyokuchoma. Hajayatunga yeye, yana historia. Mwaka 2004 huko Marekani Anthony Applegate na Mary Applegate walichapisha utafiti kuhusu watu wanaosomea ualimu, wakakuta kama nusu yao hawana hamu kubwa ya kusoma, na hao ndio wanaoenda kuwafundisha watoto wapende kusoma. Hali hiyo wakaipa jina la Petro, yule wa kwenye Matendo ya Mitume sura ya 3, aliyeombwa sadaka na kiwete pale mlangoni pa hekalu akajibu hana fedha wala dhahabu. Wazo lao ndilo hilohilo la mwenzako, huwezi kutoa usichonacho, na sitakudanganya, kuna ukweli ndani yake, mtoto akikaa mwaka mzima na mwalimu ambaye kitabu kwake ni mzigo, kitu fulani anakibeba.

Ila hiyo habari ya Petro haiishii hapo. Aliendelea kusema alichonacho ndicho anachotoa, na yule mtu akasimama akatembea. Kwahiyo mi nikuulize wewe, unacho nini? Maana kwenye barua umenihesabia usivyonavyo tu, na ulivyonavyo umevipitia juujuu kama vile havina kazi darasani.

Wacha nianze na kinachonitia wasiwasi kwanza, halafu turudi kwenye hivyo ulivyonavyo. Kinachonitia wasiwasi si kasi yako ya kusoma, ni kule kujificha. Unadhani watoto hawaoni, wanaona. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walitoa utafiti kuhusu walimu wanawake 17 wa darasa la kwanza na la pili huko Marekani, walipima hofu ya walimu hao kwenye hesabu. Mwanzoni mwa mwaka hofu ya mwalimu haikuwa na uhusiano wowote na uwezo wa wanafunzi wake, ila mwisho wa mwaka, kadiri mwalimu alivyokuwa anaogopa hesabu ndivyo wasichana wa darasa lake walivyozidi kuamini kwamba hesabu ni za wavulana na kusoma ndio kwa wasichana, na wasichana walioamini hivyo ndio walioshuka kwenye hesabu. Wavulana hawakuguswa. Walimu 17 ni wachache na ile ilikuwa hesabu, sio kusoma, sasa usichukue kama hukumu, lakini angalia kilichotokea, hofu ilimfikia mtoto anayejifananisha na mwalimu wake. Na darasani kwako anayefanana na wewe kuliko wote ni nani? Ni yule wa nyuma. Yeye ndiye anayekusoma wewe kila siku, anaona mwalimu naye kitabu kikija anakisogeza kwa mtu mwingine, anajifunza kwamba kumbe hii kitu watu kama sisi tunaikwepa mpaka ukubwani.

Ndio maana kitu cha kwanza ninachokuomba ubadilishe ni hicho cha kumpa binti kitabu. Na tuseme ukweli, hata kama wewe ungekuwa unasoma kama maji bado ule mtindo haumsaidii mtu, yule binti anasoma kitu anachokiweza tayari, wengine wanasogeza kidole. Jiulize uliutoa wapi. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, mwaka 1975 aliandika kwamba mtu mpaka amalize sekondari ameshakaa kama masaa 13,000 mbele ya walimu, anawaangalia wanavyofanya kazi, kabla hajakanyaga chuo chochote cha ualimu. Masaa hayo yote yanaacha alama. Alisema tatizo ni kwamba mwanafunzi anaona kile mwalimu anachofanya ila haoni kwa nini anakifanya, basi akija kuwa mwalimu yeye, siku akibanwa anarudia alichokiona. Sitashangaa kama kuna mwalimu wako fulani alikuwa anampa kitabu anayejua na nyie wengine mnakaa kimya. Mtafute huyo mwalimu kichwani mwako, mkumbuke vizuri, halafu amua kama unataka aendelee kufundisha kupitia wewe. Hii kazi ya kujikagua ni ngumu na ndiyo ambayo semina nyingi za walimu zinairuka, tunapewa mbinu mpya tunazibandika juu ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa yeye mwenyewe alifundishwaje na iliuma wapi.

Sasa utafanyaje kesho asubuhi. Chagua ukurasa mmoja, mmoja tu, sio hadithi nzima. Usome usiku kwa sauti ukiwa peke yako mpaka ulimi uuzoee, weka alama ya penseli pale pa kuvuta pumzi na pale sentensi inapogeuka. Chini ya mstari unaosoma weka rula au kipande cha karatasi ili usipotee, na darasani fanya hivyohivyo mbele yao bila kuficha. Utakwama mahali, utakwama tu, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Badala ya kukimbia waambie kwa sauti unachofanya, "hapa nimepoteza maana, narudi mwanzo wa sentensi," soma tena, "ahaa, kumbe aliyekasirika ni dada mtu, sio mama." Watu wanaosoma haraka hili linawashinda kwa sababu kwao kusoma kumeshakuwa kitu kinachojiendesha chenyewe, ukimuuliza alijuaje anakwambia nimejua tu. Wewe unajua kila hatua kwa sababu kila hatua uliilipia. Yule mvulana hajawahi kumuona mtu mzima akikwama kwenye maandishi na akatoka salama, anadhani wenzake wamezaliwa wanajua.

Nije kwa mama yako, na hapa nitakaa kidogo. Umemtaja kama sababu ya wewe kuchelewa. Mi nimemuona tofauti kabisa. Mtu anayesimulia akasimama katikati akauliza "mnadhani nini kitafuata," anayebadilisha kipande makusudi ili watoto wamkamate, huyo alikuwa anawafundisha kukisia, kukumbuka mpangilio, kulinganisha toleo la leo na la jana, kusikiliza kwa makini, na hivyo ndivyo msomaji mzuri anavyofanya na kitabu. Mtafiti wa lugha, Shirley Brice Heath, mwaka 1983 alichapisha kazi yake ya miaka mingi kwenye jamii mbili za watu wa kipato cha chini kule kwenye majimbo ya Carolina, Marekani, moja ya weusi na moja ya weupe, aliziita Trackton na Roadville, sio majina yake halisi. Kule Trackton watoto walikua katikati ya stori, wanashindana kusimulia, wanakuza mambo, wanachezea maneno. Kule Roadville watoto walizoeshwa stori iwe ya kweli na isiongezwe chumvi, vitabu walisomewa lakini majibu yalitakiwa yawe yaleyale yaliyoandikwa. Wote wakafika shule, na shule ikawa inajua namna moja tu, ya familia za mjini zenye kusoma kama shule inavyotaka. Watoto wa pande zote mbili wakakwama, kila mmoja kwa sababu yake, na hakuna kati yao aliyekuwa ametoka nyumbani mtupu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba Heath alikaa na walimu wakaanza kuichunguza lugha ya wanafunzi wao wenyewe na kuileta ndani ya masomo, badala ya kuisubiri iishe.

Kwahiyo mwanangu, urithi wa mama yako ulete darasani. Kabla ya kufungua kitabu wasimulie kile kisa kwa mdomo kama alivyokuwa anafanya yeye, simama katikati, waulize. Halafu ndio mfungue kitabu waone mwandishi aliamua nini. Yule ambaye macho yake hayajazoea herufi atakuwa ameshaijua stori, atasoma akijua anaelekea wapi. Na siku nyingine waache wao wasimulie ya kwao kwa lugha wanayoongea nyumbani, wewe uandike ubaoni, wasome maneno yao wenyewe.

Lakini sitaki uondoke na hilo peke yake ukadhani stori nzuri na moyo mwema vinatosha, havitoshi. Watafiti wa mambo ya kusoma, Philip Gough na William Tunmer, mwaka 1986 walilieleza hivi, kuelewa unachosoma ni uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno, zidisha na uwezo wa kuielewa hiyo lugha ikisemwa. Ni kuzidisha, sio kujumlisha, upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani. Mama yako alikupa ule upande wa kuelewa ukiwa umejaa. Upande wa herufi ulichelewa, na inawezekana kabisa ndio uliomkamata yule mvulana pia. Huo unafundishwa kwa mpango, sauti kwa herufi, silabi kwa silabi, kila siku kidogokidogo, na wewe kama mwalimu unatakiwa uujue kitaalamu, uelewe kwa nini mtoto anachanganya hiki na kile, sio kwa kubahatisha. Kitabu cha kwanza ninachotaka usome mwaka huu kiwe cha hiyo kazi, namna watoto wanavyojifunza kusoma. Kisome polepole, hamna anayekukimbiza.

Na hapohapo niguse matamshi yako. Yule mzazi sikubaliani naye, mtoto akisikia namna mbili za kutamka hapungukiwi kitu, lafudhi yako ni yako na hutakiwi kuiomba radhi. Ila kuna jambo moja dogo la kiufundi. Kama kwenye ulimi wako sauti mbili zinakaa pamoja, mfano r na l, mtoto akikusikia unataja kura na kula vilevile ataandika vilevile, na atakuwa hajakosea kusikia. Basi waambie wazi, "mimi hizi mbili natamka karibu sawa, kwenye kuandika ni mbili, tuangalie herufi," na hapo watoto wengi wanaotamka kama wewe watapumua. Ukilifanya kuwa siri ndio linakuwa kosa lao kwenye madaftari.

Uliuliza watoto wajue au wasijue. Wajue, kwa kiasi. Sentensi mbili tatu zinatosha, kwamba ulichelewa kujua kusoma, kwamba mpaka leo unasoma taratibu na unarudia, na hivi ndivyo unavyofanya ukikwama. Usiwaeleze maumivu yote, hao ni watoto, sio kazi yao kukubembeleza. Na tafadhali usimtaje wala kumwangalia yule mvulana wakati unasema, darasa zima litajua. Heshima haitashuka, inashuka pale mwalimu anapouliza maswali asiyokubali kuulizwa yeye. Yule aliyekuuliza unasoma kitabu gani mrudie, mwambie swali lako lilikuwa zuri, sikuwa na jibu siku ile, sasa ninalo, na umtajie kweli unachosoma hata kama ni makala ya michezo au kitabu cha kilimo, au ni hadithi ya watoto ileile iliyoko kwenye kabati la darasa. Anza na hizo za kabatini kwa kweli. Uingereza mwaka 2006 na 2007 Teresa Cremin na wenzake waliwauliza walimu 1,200 wa shule za msingi, wengi wao walikuwa wanasoma vizuri tu vitabu vyao vya watu wazima, lakini walipoambiwa wataje washairi sita wanaowafaa watoto wengi hawakufika sita, na kwenye waandishi wa hadithi jina la Roald Dahl, mwandishi wa watoto anayejulikana sana huko, lilitajwa kuliko yote. Maana yake hata mwalimu anayejisifia kusoma anaweza asijue ampe nini mtoto wa miaka tisa anayependa wadudu. Wewe ukisoma vitabu vifupi vya watoto, kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wako huo huo wa taratibu, muhula ukiisha utakuwa unajua kabati lile kuliko yeyote pale ofisini.

Andika pia. Watoto wakiandika insha na wewe kaa uandike yako kwa dakika kumi, wasomee aya moja ikiwa bado mbichi na imekatwakatwa. Kuna mradi wa walimu ulianzishwa na James Gray pale chuo kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1974, msingi wake mmoja ni huo, anayefundisha kuandika na yeye aandike. Na kwa barua uliyonitumia mimi, huku ndiko utakakokuwa na nguvu.

Kuna jambo naliweka peke yake. Mistari kupotea, kurudia uleule, kusoma polepole miaka yote licha ya kusoma kwako na vyeti vyako, inaweza kuwa disleksia, yaani ule ugumu wa kudumu wa kutambua maneno yaliyoandikwa, inaweza isiwe, mi siwezi kusema kupitia barua. Ukipata mtu wa kukupima nenda, kapime na macho pia. Haihusiani na akili na watu wengi wanakuja kujua ukubwani. Ukijua utaacha kujiita mvivu, na mvulana wako utajua umpeleke wapi.

Yeye usimsubirishe. Usimwite kusimama. Wakati wenzake wanafanya zoezi vuta kiti ukae pembeni yake, soma naye sentensi moja kwa sauti ya chini, wewe kwanza, halafu wote wawili, halafu yeye. Dakika chache, kila siku, na aijue sentensi ya kesho tangu leo ili zamu ikifika awe ameshaisoma na wewe. Akiomba kwenda nje mwache aende, akirudi endeleeni mlipoishia.

Barua iliyoko kwenye begi usiipeleke. Mwandikie mwalimu mkuu nyingine, muombe vitu viwili, mwenzako mmoja unayemwamini aje akae darasani kwako kipindi cha kusoma ili akusaidie kupanga yale masomo ya herufi na sauti, na wewe uende kwake kipindi anachofundisha yeye. Si lazima umweleze mkuu historia yako yote, mwambie unataka kuimarisha somo lako. Kama baada ya mwaka mzima wa kufanya hivi bado unaingia darasani na moyo unaenda mbio, niandikie tena tuangalie hilo la kuhama.

Anti